Maua ya Mahame

Chungu chako kiko kitupu, Seche! Nimekimwaga chote leo saa kumi juu ya turubai, nikachekecha mchanga kwa chekeche la unga, mara mbili, hamna kitu. Limebaki gamba la ua lako tu, lile koti lake la nyuzinyuzi, limekaa wima kama shati la mtu aliyelivua akaenda kuoga.

Haya, sasa nikusalimu. Hujambo mwanangu. Mimi sijambo, ila nina mchanga kwenye kucha na karatasi hii inachafuka. Wewe uko chumba cha pili unafunga begi, nakusikia unavyogombana na zipu. Ningeweza kuja kukwambia kwa mdomo, lakini nikianza tu utacheka, au mimi nitalia, na jambo lenyewe halitaki kicheko wala kilio. Ndiyo maana naandika. Nitaichomeka barua katikati ya magauni, utaikuta ukifika Ukerewe. Wala usiniambie hukuweza kuisoma. Darasa la saba langu lile la Busi, mwalimu alikuwa anainua daftari langu juu: "Tazameni mwandiko wa binti huyu!" Mpaka leo darasani kwetu hakuna aliyenizidi, na wengine wamekuwa mahakimu.

Habari za nauli, chandarua na sweta la upepo wa ziwa nimekwambia mpaka umenichoka, sizirudii. Kuna mambo mawili sijawahi kukwambia. Moja ni la maua. La pili ni la Januari, na hilo la pili ndilo ninaloliogopa, kwa hiyo naanza na la maua.

Maua yangu unayajua. Umekulia katikati ya vyungu. Unajua kwamba kutoka hapa Chamwino mpaka Msalato hakuna mwanamke mwenye tuta la mchanga kama langu. Unamkumbuka yule mtaalamu wa mimea mwenye miwani, aliyepiga magoti pale uani na suruali yake nzuri? Alisema ni ukoo wa irisi, na kwamba aina hii yeye ameiona imekaushwa tu, imebanwa kwenye karatasi. Nikamjibu, "Basi hapa unaiona inapumua, baba." Habari hiyo nimeisimulia mpaka kwaya wananikimbia.

Lakini asili ya maua nilikudanganya. Nilikwambia bibi yako, mama yake baba, ndiye aliyenipa. Hakunipa.

Nilipoolewa nikaletwa huku, bibi yako alinichukua siku moja mpaka kwenye mahame yao, ng'ambo ya korongo. Huko ndiko ukoo ulikoishi kabla watu hawajahamishiwa vijijini. Tembe yao ilikuwa imeanguka zamani, imebaki tuta la udongo la kufika kifundo cha mguu, na miiba. Ilikuwa Desemba, mvua ya kwanza ina wiki moja. Nikaona majani membamba tu, kama nyasi. Nikajisemea, mama mkwe amenitembeza saa nzima juani nije kuona nyasi.

Saa kumi yakafunguka. Yote kwa pamoja, na upepo haukuwepo. Rangi yake unaijua, ya moshi wa kuni mbichi, na katikati lile doa la njano lenye vitone, kama jicho. Nilipotazama vizuri nikaona hayakutawanyika. Yalikuwa kwenye mistari. Mstari ulikwenda, ukakunja kona, ukaacha nafasi, ukaendelea. Seche, nyumba nzima ilikuwa imechorwa chini kwa maua. Chumba hiki, chumba kile, zizi la ng'ombe kule. Watu wamehama, udongo umeanguka, na nyumba bado iko.

Bibi yako akanishika kiwiko. "Usisimame mlangoni, mkwe. Wapishe."

"Niwapishe akina nani, mama?"

Akanisogeza tu. Nami, mtu wa Busi ninayejua kubisha, nikasogea, na nikasubiri kidogo kabla ya kurudisha mguu.

Ndipo akaniambia desturi ya ukoo wao. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikikatika kinafukiwa chini ya ukuta wa nyumba, na juu yake linapandwa tunguu moja, hiki kiazi cha chini kinachofanana na punje ya kitunguu saumu. Alikuwa anapita anayaonyesha kwa kidole: "Huyu Merina. Huyu Yona, mumeo. Huyu alikwenda Tanga, hajarudi, lakini mzima, si unamwona?" Nikamuuliza, je, likiwa halikutoka? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Basi unamwambia arudi nyumbani," akasema. Akaongeza kwamba hayachimbwi. Anayetaka kulihamisha lazima amwombe mwenye nalo, kwa jina lake, naye awe amesimama pale.

Nilirudi nikamsimulia baba yako huku nacheka. Yeye hakucheka.

Bibi yako alipofariki, nilikuwa na mimba yako. Baba yako alikuwa kazini, kambi ya barabara, kusini huko. Chamwino ilikuwa inajaa watu wa serikali, kila nyumba na kibustani, kila bustani na maua yaleyale ya dukani. Mimi nilitaka kitu ambacho mwingine hana. Nilitaka kusifiwa, Seche, hakuna sababu nyingine, hata nikiitafuta. Nikaenda Julai, majani yamekauka, nikachukua jembe na gunia, nikaichimba ile nyumba yote. Ukuta baada ya ukuta. Sikumwomba mtu. Nilipofika nyumbani nikayamwaga sakafuni, rundo moja, na hapo ndipo nilipoona kwamba sijui Merina ni yupi wala Yona ni yupi. Nikacheka tena. Nikayaambia, "Haya, jitajeni."

Yalinitesa, usidhani. Mwaka wa kwanza niliyaonea huruma, Agosti jua linawaka na vumbi linazunguka, nikayamwagilia kila jioni. Nusu yaliozea chini. Ile harufu ilikaa uani mpaka Krismasi, na haikuwa harufu ya mboga iliyooza. Nikajifunza mwenyewe, hakunifundisha mtu: mchanga wa korongo, uoshwe mara tatu mpaka maji yatoke safi, uchanganywe na vigae vilivyopondwa, tuta lizungushiwe tofali, chini wavu wa chuma kwa ajili ya fuko, maana fuko anayatafuta kama karanga. Na jani likishakuwa la njano, usitoe hata tone mpaka mbingu zitoe zenyewe. Mama Tito jirani alikuwa anapita anapiga kelele: "Mama Seche, mwenzetu unalea mchanga?" Mvua ilipokuja, huyo huyo akaja kuomba chungu kimoja.

Nilimpa. Siku ya nne akakirudisha amekishika mbali na kifua chake.

"Chukua kitu chako, shoga."

"Kimekufa?"

"Afadhali kingekufa. Ikifika saa kumi, mjukuu wangu anakwenda kukaa mbele yake, anatoa shikamoo. Anangoja, anaitika kwa kichwa, anatoa nyingine. Ua ni moja, Mama Seche. Shikamoo nimehesabu saba."

Nikamwambia maua yangu yana adabu kuliko watu wa mtaa huu. Nilijivunia hata hilo! Lakini kile chungu nilikirudisha kwenye tuta, na tangu siku ile sijagawa kingine.

Wewe ulizaliwa hospitali. Kitovu kilipodondoka nilikifunga kwenye leso, na mimi niliyekuwa nacheka desturi ya watu, nikaifanya kwa siri. Nilichagua tunguu changa, kitoto kile kinachoota ubavuni mwa tunguu kubwa, ili lisiwe la mtu mwingine. Sikukufukia ukutani. Nilikupanda kwenye chungu, nikajiona nimewashinda akili ukoo mzima. Nikasema, huyu wangu hataachwa mahame. Nikihama nahama naye. Nikakiweka chini ya dirisha lako, na pale kimekaa mpaka leo.

Ulikuwa na miaka sita mwaka ule maua ya tuta yalipotoka yote, isipokuwa moja la safu ya pili. Jani lilikuwepo, ua halikuja. Niliona. Nikasema, ni fuko. Baba yako akapiga simu kutoka kambini, akasema ana homa kidogo. Nikamwambia anywe maji mengi apumzike. Wiki ya tatu walimleta ndani ya jeneza.

Sijui kama lilikuwa lake, Seche. Hapo ndipo ninapokwama kila mwaka. Huenda ni fuko kweli. Huenda ni la mtu wa Tanga. Nilikuwa nimewachanganya sakafuni kwa mkono wangu, ningemuuliza nani? Ningekuwa najua, ningemwambia neno lile moja, rudi nyumbani, naye angerudi, unamjua baba yako alivyokuwa hapendi kunikatalia. Tangu hapo nina kitu kimoja tu ninachokijua kwa hakika, na ni chungu chako. Kila mvua, saa kumi, nimekaa mbele yake. Wewe ulidhani mama anapenda maua.

Sasa Januari.

Barua ya kazi ya Mpanda ilipokuja, ulirukaruka hapa sebuleni mpaka kikombe kikavunjika. Wiki ileile chungu chako kilitoa jani, jani refu zuri, na ua halikuja. Nilingoja siku tisa. Siku ya kumi nikalala kitandani.

Sikuumwa, mwanangu.

Sikuwa na kifua, sikuwa na presha. Nilijifunika blanketi mbili katika joto la Januari, na jasho ulilokuwa unanifuta lilikuwa jasho la blanketi. Shangazi yako Merina alikuja na kuku wa kienyeji, akamchinja, akanilisha supu kwa kijiko kama mtoto. Akina mama wa kanisa walizunguka kitanda wakaniombea mpaka mmoja akalia. Nami nililala chini ya maombi yao nimefumba macho. Uliniwekea mkono kwenye paji la uso. Ukasema, "Mama, mbona huna joto?"

Nikakujibu, "Joto liko ndani."

Wewe ni mkunga. Umesomea, umefaulu, nimekionyesha cheti chako mpaka kwa wauza mkaa. Mkono wako ulikwambia ukweli, ukauacha, ukaniamini mimi. Ukawaandikia Mpanda kwamba huwezi kumwacha mama, wakampa mwingine. Hukunung'unika hata siku moja. Ila nilikuwa nakuona jioni unafua nguo ulizozifua jana. Unazikung'uta, unazianika, unasimama pale kambani unazitazama. Nilikuwa nakuona kupitia dirishani, nimepona, nakunywa chai.

Hakuna baya lililokupata mwaka huu, kweli. Lakini sikuona pia jema lililokupata, na hilo ni kazi yangu.

Kwa hiyo kazi hii ya Ukerewe ilipokuja nilijiapiza. Nikasema nitampa mwenyewe chungu chake akipakate mpaka huko, ingawa moyo ulikuwa mzito, ua la mchanga linakwenda kisiwani, maji pande zote. Nikawaza nilitoe tunguu kwanza, nilitazame kama ni zima, nilifunge kwenye karatasi. Ndiyo hivyo nikamwaga, ndiyo hivyo nikakuta shati bila mtu.

Nitakwambia nilichofanya, maana nimekwishachoka kujificha. Nilikaa chini palepale, na kifua kikaanza kuniuma. Kweli kabisa kiliuma, kimeshazoea! Nikaanza kupanga maneno nitakayokuita nayo. Mdomo ulikuwa umefunguka tayari nilipoliona tundu la chini ya chungu, na uzi wa njano unaning'inia humo.

Yule mtaalamu aliwahi kuniambia kwamba matunguu haya yana mizizi minene inayojikunja kama mnyoo, na kila mwaka inalivuta tunguu chini kidogo, kutafuta ubaridi. Unapanda kina cha kidole kimoja, baada ya miaka unalikuta dhiraa nzima chini. Sikumwamini, nilidhani ananifundisha kazi yangu mwenyewe. Basi nikachukua kijembe nikachimba pale chungu kilipokuwa kimekaa. Shibiri, hamna. Shibiri ya pili, hamna, ila mchanga ukawa wa baridi, Seche, wa baridi na unyevu, Oktoba hii ambayo hata mate yanakauka mdomoni. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono mpaka bega. Nikaligusa.

Limekuwa kubwa kama ngumi ya mtoto. Nilipitisha vidole nikahesabu magamba yake, nikalishika sawasawa nikavuta. Halikuja. Nikavuta tena, na lenyewe likanivuta.

Najua ni mizizi. Nimejieleza hivyo jioni yote. Lakini mkono wangu nao niuamini, na mkono ulisikia hivi: taratibu, bila hasira, kama mtoto unayevuka naye barabara umemshika, naye anautoa mkono wake kwenye wako kwa sababu ameshakuwa mkubwa na wenzake wanamwona. Nilibaki hivyo, shavu kwenye mchanga, sijui kwa muda gani. Jembe lilikuwa karibu. Ningeweza kupanua shimo. Ningelikata mizizi, ningelitoa, ningelirudisha chunguni, na ningejua.

Ndipo dirisha likafunguka juu yangu.

"Mama! Unafanya nini huko chini?"

"Natafuta fuko."

"Umempata?"

"Ametoroka."

Ukacheka, "Mwache bwana, naye ana watoto," ukafunga dirisha ukarudi kwenye begi lako. Nikaliachia. Vidole vilikataa kidogo, nikavifungua kimoja kimoja. Nikafukia shimo na mchanga wake wa baridi, nikakung'uta gauni, nikaja kupika. Ule ugali uliosema leo mama kautia chumvi, si chumvi, ni mikono haikuoshwa vizuri.

Sitakuita. Kesho nitakusindikiza mpaka kituoni, nitawaambia abiria wote kwamba huyu ni mkunga, ni wangu, na utaona haya, na utanivumilia. Sitakuambia usiende wala sitasema nenda kwa macho ya kukuomba ubaki, nayajua macho yale, nimeyatumia.

Mvua ikija nitakaa pale saa kumi, siwezi kukuahidi kwamba sitakaa. Lakini nikiona ua, sitakuandikia. Nisipoliona, sitakuandikia pia. Ukiumwa, niandikie wewe, kwa mwandiko wako, nami nitakuja, hata kama ni kwa boti, na unajua mimi ninavyoogopa hata maji ya karai la kufulia. Na ukiwa kazini huko, akaja mtu ukamshika paji la uso, mkono wako ukakwambia kitu, na yeye akakwambia kingine, kumbuka ni nani aliyekudanganya mara ya kwanza, na kwamba alikuwa anakupenda. Si wote wanaodanganya wana ubaya. Ila mkono wako ulikuwa sahihi.

Yamebaki ya kwenye tuta. Hayo si yangu na hayakuwa yangu. Nitayarudisha kule yalikotoka kabla mvua hazijaanza, na kwa kuwa siwajui tena nani ni nani, lazima wenyewe wawepo, kila mtu aombwe kwa jina lake. Sijui kama watakubali kuombwa na mtu aliyechelewa hivi. Hata hivyo nimepiga simu zote jioni hii kabla sijashika kalamu, ili nisipate njia ya kugeuka. Merina wa Kondoa, yule wa Tanga, wajukuu wa babu mkubwa, wote. Merina akaniuliza kwa wasiwasi, "Wifi, kuna nini? Kifua tena?" Sikuweza kumjibu kwenye simu. Nitamjibu mbele ya wote, na mbele ya wale akina mama wa kanisa pia, nimewaita nao, waliolia na wasiolia. Wanadhani nawaita kula pilau ya kushukuru kwa kazi yako. Watakula kwanza, ndiyo, siwezi kuwatwisha watu aibu yangu wakiwa na njaa, na pilau yangu unaijua.

Lakini sikutaka wajue kabla yako. Wewe umesikia leo. Wengine wote wanakuja Jumamosi.